Kukula na batoto Bukavu: resto ya mama kwenye ngazi, chini ya Nyawera

Jambo sana kwenu bote. Nataka niongelee resto moja ya hapa Bukavu juu naona batu benye bako na batoto banahangaika bure, siku ya Mungu kisha misa mutu anajiuliza hawa batoto nitabapeleka wapi bakule vizuri na nibakiye na franka ya taksi ya kurudi, mara moja anawaza zile hoteli za kando ya ziwa, kule La Botte ao Muhumba, fasi yenye sukre (soda) moja ya mutoto inakuliya bajeti ya maharagi ya siku mbili. Sisemi zile hoteli ni mubaya, ziwa kule ni nzuri na meza zinapambwa. Lakini kwa mutu mwenye ako na batoto tatu, bwana na mama mukwe, inakuwa sherehe ya mara moja kwa mwaka, na mi naona kukula inje na jamaa haipashwe kuwa ya mara moja kwa mwaka.

Basi hii resto. Jina haiko, ao tuseme jina ilikuwaka ku kibao lakini mvua ilishaifuta, batu banasema tu "kwa mama, pale ku ngazi". Ukitoka Nyawera unateremka kuelekea upande wa ziwa, utaona ngazi za simiti kati ya depo ya vinywaji na fundi wa simu, unashuka zile ngazi, na mbele ya kuona mulango utakuwa umeshasikia harufu ya vitunguu mu mawese. Bukavu ni milima, kila fasi ni kupanda na kushuka, lakini hizi ngazi niseme wazi: wakati wa mvua, na hapa kwetu mvua ni kuanzia mwezi wa kenda mupaka wa tano, zinateleza. Mama mukwe tulimushika mukono. Mutu wa magoti mabaya apitie nyuma, kuko njia ya udongo yenye ni ndefu kidogo lakini haina ngazi, muulize ule kijana wa simu atawaonyesha.

Ndani ni chumba moja kubwa na baraza. Meza za mbao, viti vya plastiki ndani, mabenchi ku baraza, nailoni ya maua juu ya meza, safi, banaipanguza kila mutu akiondoka na kitambaa yenye ina sabuni, si kile kitambaa cheusi chenye tunajua. Ukiingia tu, dada moja anakuletea ndoo ya robine na sabuni munawe, na anawaangalia batoto mupaka banawe kweli, mutoto wangu wa katikati alitaka kuchovya vidole tu, akamuambia "apana kadogo, rudia, na mugongo ya mukono pia." Mi nilipenda hiyo sana. Maji ya robine katika ule mutaa haipatikanake kila siku, unaona mabido ya manjano yamepangwa ku ukuta kuanzia mulango mupaka jikoni, kwa hiyo mutu mwenye anakupa maji ya kunawa bila kupima anatumia kitu yenye alilipia.

Sasa tuongee sambaza, juu njo sababu ya kwanza ya kwenda pale.

Sambaza, ile samaki ndogo ndogo ya ziwa, ni samaki ya kila mutu hapa kwetu, mwenye feza na mwenye hana, lakini ya kukaranga vizuri si kila fasi unaipata. Kuko fasi banaikaranga asubui banaiweka mu vitrini, saa saba ukifika banairudisha mu mafuta ile ile ya asubui, inakuja nyeusi, ngumu, inanuka mafuta ya jana. Pale kwa mama habakarange mbele uagize. Unaagiza, njo unasikia mafuta inalia jikoni. Banaosha, banaweka chumvi, banakamua ndimu, banaacha maji ichuruzike kwanza vizuri mu kiyungiyo (chujio), kisha mu mafuta moto sana, kidogo kidogo, habajaze sufuria. Unga habatie. Inafika ku meza kavu, rangi ya dhahabu, inalia mu meno, kichwa na mukia byote unakula na mufupa hauusikie, na pembeni kuko nusu ya ndimu na pilipili ya kutwanga mu kisahani yake peke, ili batoto basiiguse. Na bugali ya muhogo moto, laini, haina mabonge. Mi nilishakula sambaza tangu nimeacha kunyonya na ile ya pale naiweka juu kabisa, pamoja na ya nyumbani kwetu.

Lakini mujue kitu moja yenye batu bengi banaisahau: sambaza inafuata mwezi. Bavuvi banaendaka usiku, banafunga mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, banashusha wavu chini, banawasha mataa, samaki inapanda kufuata mwangaza, kisha banainua wavu, na kama uliishaka karibu na maji unabajua kwa nyimbo zao mbele ya kubaona. Sasa mwezi ikijaa, mwangaza inakuwa juu ya ziwa yote, taa ya muvuvi haivute tena, sambaza inatawanyika. Ile juma sambaza mbichi inakuwa kidogo, bei inapanda ku soko ya Beach Muhanzi, inapanda na ku soko ya Kadutu, bamama benye banazunguka na mabeseni banapunguza kipimo. Mama wa pale ile juma anakuambia wazi: leo sambaza mbichi haiko, kuko ya kukauka mu tomati, ao maharagi, ao nyama. Hakudanganye.

Hapa nasimama kidogo juu hii jambo inaniuma. Kuko fasi ingine hapa mujini, jina naiacha, tulienda mwezi ikiwa kubwa, bakatuuzia "sambaza mbichi" kumbe ni ya kukauka yenye balilowesha mu maji wakaikaranga, bei ile ile ya mbichi. Mutu mwenye alikulia hapa anajua ku ulimi wa kwanza: ya kukauka ikilowa inakuwa kama mbao ndani, na chumvi inakuja nyuma. Nikamuita ule kijana wa kutumikia, akaniambia "mama, njo vile iko." Kwangu hiyo ni zaidi ya chakula mubaya, ni kudharau mutu. Sambaza ya kukauka si kitu ya haya, ikipikwa mu tomati na vitunguu mingi ni chakula tamu sana na batoto wangu banaipenda, basi sema ni ya kukauka na uiuze kwa bei yake. Njo maana nasifu ule mama. Nilimuona siku moja anakataza baba moja, mutu wa koti na gari, mwenye alisema "nitalipa mara mbili, nitafutie sambaza mbichi." Akamujibu kwa eshima: papa, haitakuwa ya leo, kula maharagi, na juma ijayo urudi. Baba akakula maharagi.

Na batu bazima banajua kama hii samaki yenyewe haikuwaka mu ziwa Kivu zamani, ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, balitupa ndogo ndogo mu maji ikazaana, leo batoto banazania ilikuwa humu tangu dunia iumbwe. Mama mukwe wangu alizaliwa mbele ya hapo, kule Kabare, anasema kwao balikuwa batu ba maziwa na maharagi, samaki ya ziwa aliijua mukubwa. Kwa hiyo yeye sambaza haimupe furaha sana, anaiheshimu tu. Yeye mutihani yake ni sombe, majani ya muhogo.

Na mi pia. Sombe napika mwenyewe kila juma, kwa hiyo hapo sina huruma na mutu.

Sombe ya pale inatwangwa mu kinu. Najua juu kinu iko nyuma ya jikoni, unaisikia asubui ukipita. Siku hizi wengi banapeleka majani ku mashini, inasagika mupaka inakuwa maji maji, mu mudomo hauna tena jani, ni kama ugali wa kijani. Ya kinu inabakiya na nyuzi kidogo, unatafuna, unajua unakula majani. Kisha kuichemsha: majani ya muhogo mabichi ina sumu yake, inapashwa ichemke muda murefu, sufuria wazi kwanza, mbele ya kutia mafuta na chochote. Mutu mwenye ana haraka anatupa bikarbonati ilainike mbiyo, rangi inabakiya kijani ya kupendeza macho lakini ladha inaenda, inabaki ule uchungu wa sabuni nyuma ya ulimi. Pale hakuna ule uchungu. Rangi yake ni ya kijani nzito, karibu nyeusi, rangi ya sombe yenye ilikaa ku moto, na juu mawese inaelea kidogo, si dimbwi. Ndani kuko vitunguu, poaro, mbilingani yenye ilishayeyuka hauioni tena, na pilipili moja nzima yenye haikupasuliwa, inatoa harufu bila kuchoma. Ukiipasua mu sahani yako ni kazi yako.

Mama mukwe alikula kimya. Mi na bwana yangu tukaangaliana, juu ule mama kusifu chakula ya mutu ni kazi ngumu, mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi mu ile ndoa mbele ya kusikia neno nzuri juu ya bugali yangu. Kisha akainua sahani, akamuambia ule dada: "Mwanangu, nani anatwangaka hii?" Dada akakimbia jikoni. Mama mwenyewe akatoka, anapanguza mikono ku kitambaa, akasalimia "Asinge", na pale pale ikaingia Mashi, luga ya kwao, bakaanza kuongea majani: ya juu tu, yale machanga, vidole tatu tatu, usikwanyue na kijiti, na usitwange yenye ililala siku mbili mu jua ya soko. Bakakubaliana kwa byote isipokuwa karanga. Mama mukwe anasema sombe bila karanga ya kutwanga haijamalizika, mama wa resto anasema batu bengine karanga inabadhuru na hawezi kujua nani, kwa hiyo anaitengeneza pembeni mwenye anaitaka anaomba. Hapo mi niko upande wa mama wa resto kabisa. Sahani ya pili ya sombe ilikuja na ile karanga pembeni, na habakuihesabu.

Bugali iko ya namna mbili, ya muhogo na ya muhogo yenye ilichanganywa na mahindi. Chukueni ya kuchanganya kama muko na batoto, haivutike sana, vidole vyao inaiweza. Maharagi ni nzuri, imeiva yote, haina zile ngumu ngumu, sosi nzito. Lengalenga (muchicha) nzuri. Viazi vya kukaranga ni vya katikati, siku zingine vinakuja laini vinanyonya mafuta, naona ni juu ya kutia vingi mara moja wakati batoto bako wengi. Muchele sikushauri, unakuwa maji, nilisema na mama na akasema bakiliya wake wa muchele banaupenda vile. Sawa. Nyama ya ng'ombe mu sosi iko sawa, siku moja chumvi ilizidi, nikasema, dada akabeba sahani bila kununa wala kuleta mambo, akaleta kipande kingine na sosi mupya kutoka sufuria ingine. Kuku muache. Ni ghali, na ni zile kuku za mayai zenye zilishachoka, unavuta na meno mupaka taya inauma. Nilimuambia pia. Akasema kuku ya kienyeji bei yake kwa sasa batu habataiweza, na mi namuelewa, lakini basi bora aitoe ku menyu.

Kwa batoto sasa, juu njo kwa ajili yao naandika.

Pale kuko nusu plati. Mutoto anakula nusu, unalipa nusu. Najua munaona ni kitu ndogo, lakini jaribuni kuzunguka Ibanda yote muhesabu fasi ngapi zinakubali hiyo, fasi nyingi mutoto wa miaka ine analipishwa kama motari wa pikipiki mwenye amebeba batu tangu asubui, kisha chakula inabakiya inatupwa, na mi kutupa chakula siwezi kuona. Plati ya batoto inakuja mbele ya ya bakubwa, bila uombe. Bugali ndogo ya mviringo, sambaza ao maharagi, sosi pembeni, pilipili haikaribie. Kama mutoto amechoka akalala, dada anakuletea kitenge umutandikie ku benchi. Mutoto akimwaga sukre, banapanguza, hakuna macho mabaya. Batoto banaweza kwenda kuangalia jikoni kupitia dirisha, lakini mulango wa jikoni unafungwa na ubao, juu kule kuko mafuta na makala ya moto, na hiyo nayo ni akili.

Na pombe hawauze. Kuko depo pale pale juu, lakini ukinunua chupa yako juu, unainywea juu. Muziki iko chini, redio tu, munaweza kuongea. Hii Bukavu yetu batu banafungua nganda (baa), banaandika "resto" ku mulango, unaingia na batoto saa kumi na moja unakuta spika mbili za kimo cha mutu na balevi banacheza, unageuka. Pale unaweza kukaa mupaka giza iingie. Siku ya mechi tu njo kunakuwa kelele, banaleta televizyo ku baraza, na bamotari banajaa, lakini ni kelele ya mpira, haimutishe mutoto.

Mabaya yake nayo niyaseme bila kuficha, juu mutu ataenda kwa ajili ya maneno yangu na sitaki arudi na hasira.

Kungojea. Kunangojwa sana. Juu kila kitu inakarangwa ukishaagiza na moto ni ya makala, makala haipandishwe na kifungo, ukifika kati ya saa sita na saa nane siku ya kazi utakuta banafunzi, bamotari, batu ba ofisi, na utakaa karibu saa nzima. Dada bako wawili tu na wanakimbia. Mukienda na batoto mufike saa tano na nusu ao kisha saa nane, na mukifika muombe mara moja bui (uji) ao ndizi ya kuchemsha kwa batoto, hiyo inakuwaka tayari. Usingojee batoto bakianza kulia njo uombe.

Moshi. Jikoni iko karibu na baraza na upepo ukitoka ziwa jioni moshi yote inakuja kwenye meza. Mwenye ana mutoto wa asma akae ndani, upande wa mulango, apana baraza. Naona mabati mawili ya kukinga ingetosha, na mama anajua, anasema iko mu mipango.

Choo ni safi lakini ni moja kwa batu bote na taa haina, mubebe simu yenye ina chaji.

Na bei ku ubao. Ubao yenye iko ku ukuta iliandikwa zamani, bei ya kweli anakuambia dada ukiagiza. Habaibe, nasema tena habaibe, kile anakuambia njo utakilipa. Lakini mugeni mwenye anasoma franka 4.000 kisha anasikia 6.000 anaanza kufikiri mambo. Dola inapanda inashuka, mawese inapanda, muhogo inapanda barabara ikiharibika, bote tunajua, basi chaki ni bei gani? Ubao ufutwe, uandikwe upya. Ni kitu ya dakika kumi na ingemuondolea mama maneno mingi.

Wakati naandika, sambaza na bugali ni 6.000, sombe na bugali 4.000, maharagi na bugali 3.500, nyama 8.000, nusu plati ni nusu ya hizo. Sie bakubwa tatu na batoto tatu tulikula mupaka tukashindwa, na masukre, na ile sahani ya sombe ya zawadi, na hesabu haikufika bei ya samaki moja ya tilapia ya hoteli ya kando ya maji. Unalipa na franka, ao M-Pesa, ao Airtel Money, namba imeandikwa ku mulango. Dola anachukua lakini iwe safi, yenye imepasuka ata kidogo ku kona haichukue, na ya moja moja haichukue, juu yeye pia ku soko habataipokea kwake. Masalio anakupa kwa franka kwa kiwango cha siku, nilipima na cha cambiste (mubadilisha feza) wa Nyawera, ilikuwa sawa.

Kitu ya mwisho ya kukula: nanasi. Inatoka kisiwa ya Idjwi, inakuja na mitumbwi, na wakati wake anaikata vipande vikubwa anaiweka mu beseni na kifuniko. Hapana sukari, hapana kitu. Batoto wangu sasa banakula bugali mbiyo mbiyo juu ya ile nanasi. Kama haiko, kuko ndizi ndogo za sukari.

Nilimuuliza mama juu ya kupanua, juu fasi inajaa na batu banarudi. Alisema hapana, ataweka mabati ya moshi, ataongeza dada moja, basi, juu kinu ni moja na mikono ya kutwanga anaijua, akiongeza meza kumi atapashwa kupeleka majani ku mashini. Mi nilifurahi sana kusikia hiyo na nilimuambia vile vile.

Siku ya posho (jumamosi) jioni habafungue, ni siku yake ya soko na ya kanisa. Siku ya Mungu banafungua kisha misa ya pili, karibu saa tano. Kama muko batu wengi, tuseme komunyo ya mutoto ao bageni ba mahari, mupite siku moja mbele mumuambiye, na mulipe kidogo, atatwanga sombe ya kutosha na atawawekea baraza yote. Lakini sambaza ya batu wengi asiwaahidi, na hatawaahidi: muangalie mwezi kwanza, kisha mupange siku yenu.